Fleming: Mwana wa mfugaji aliyeogopea dawa yake mwenyewe

MFUGAJI wa Dundori, Kaunti ya Nakuru, anapoona kiwele cha ng'ombe kimevimba na maziwa yana mabonge, mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua penisilini. Aliyeigundua alilelewa mashambani vilevile.

Alexander Fleming alizaliwa mnamo Agosti 6, 1881 katika shamba la Lochfield, Scotland. Babake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba. Alihamia London, akawa karani katika kampuni ya meli, hadi urithi wa ami yake ulipomwezesha kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's mnamo 1901.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimpeleka Boulogne, Ufaransa. Huko aliona wanajeshi walionusurika risasi wakiangamizwa na majeraha yaliyooza, huku dawa kali za kuoshea vidonda zikidhuru chembe nyeupe za damu kuliko bakteria.

Septemba 1928, aliporejea kutoka likizoni, alikuta kuvu imeota katika kisahani cha bakteria. Kandokando yake, bakteria walikuwa wametoweka. Hata hivyo, alishindwa kuitakasa dawa hiyo. Kazi hiyo ngumu ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao, ambao umma uliwasahau upesi mno. Watatu hao walituzwa Nobel mnamo 1945.

Jijini Stockholm, Desemba mwaka huo, Fleming hakujipiga kifua. Alisimulia kisa cha kubuni cha mwanamume mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini na kutumia kiasi kidogo, kisichoua vijidudu bali kinachovifunza kustahimili. Anamwambukiza mkewe, ambaye anapatwa na nimonia na kufariki, dawa ikiwa imeshindwa.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940, bakteria sugu walikuwa wametapakaa katika hospitali za London. Fleming alifariki Machi 11, 1955 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Methisilini, iliyobuniwa kuwakabili bakteria hao, ilitoka mnamo 1959. Kufikia 1961 waliokuwa sugu kwayo walikuwa wameripotiwa Uingereza.

Leo, penisilini inapokataa kutibu kiwele, daktari wa mifugo huchukua sampuli ya maziwa. Maabarani, bakteria hukuzwa kisahanini na vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu yao. Dawa ifaayo huzungukwa na duara tupu, kama lile la 1928. Pasipo duara, dawa hiyo haimfai ng'ombe huyo.