Padre Aliyechunguza Uyoga

Miles Joseph Berkeley alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1803, karibu na Oundle, Uingereza. Alisoma Cambridge, akapewa upadre, na mwaka 1833 akaanza kuvihudumia vijiji vya Apethorpe na Woodnewton. Watoto wake walikuwa 15, na bado alipata nafasi ya kukaa na hadubini.

Uyoga hauna ua wala tunda, basi huzaaje? Wataalamu walidhani vijimbegu vyake hukaa ndani ya vifuko. Mwaka 1838 Berkeley alionyesha kwamba chini ya kofia ya uyoga mna vijiti vidogo mno, na kila kijiti kwa kawaida hubeba juu yake vijimbegu vinne.

Mwaka 1845 viazi vilioza Ulaya. Huko Ireland, ambako viazi ndivyo vilikuwa chakula cha maskini, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Mabingwa wakasema mvua ndiyo iliyoozesha, na ule ukungu wa majani umefuata tu. Berkeley, padre wa shamba, aliwapinga mwaka 1846: ukungu ndio chanzo. Wengi hawakumkubali, mpaka Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha kwa majaribio mwaka 1861. (Siku hizi kiumbe kile kimetengwa na kuvu halisi. Huzaa upesi peke yake. Aina zake mbili zikikutana, hutoa vijimbegu vigumu vinavyodumu udongoni.)

Mwaka 1868 alihamia Sibbertoft. Mwaka 1879 aliitoa hazina yake ya maelfu ya kuvu kwa bustani ya Kew. Alifariki Sibbertoft tarehe 30 Julai, 1889.