Mekatilili wa Menza na Msitu wa Kaya

Baadhi yenu mtashangaa kumkuta Mekatilili katika kijitabu cha Jubilii. Hakuwa Mkristo, wala sitamfanya awe.

Alizaliwa Ganze katika karne ya 19. Mwaka 1913 Mwingereza alitaka kodi kwa kila nyumba na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mashambani. Mama huyu mjane akapita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Waliokuja kwa ajili ya ngoma walibaki kumsikiliza (sisi wanakwaya tunaijua nguvu hiyo). Akawakusanya Kaya Fungo, msitu mtakatifu ambamo wazee walikataza kukata mti au kulisha mifugo, na humo wakala kiapo.

Oktoba 1913 alikamatwa, akapelekwa magharibi ya nchi pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Walitoroka, wakarudi kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ililipua kaya kwa baruti. Mekatilili alikamatwa tena, akaachiliwa 1919, akafariki miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Wakristo wengi tulifundishwa kwamba kaya ni makao ya mashetani, na wengine wakaingia na shoka bila hofu. Nadhani tulikosea. Wazee walimwomba Mulungu humo, na jina hilohilo tunaliimba kila Jumapili.

Tangu 2008 kaya kadhaa za Mijikenda zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Baada ya ibada ya Jubilii tutapanda miche ya mbambakofi nyuma ya kanisa. Njooni na majembe.