Edwin Chiloba wa Eldoret

Wasomaji, naandika haya nikiwa Langas, katika Eldoret alikoishi marehemu Edwin Chiloba. Alikuwa mbunifu wa mavazi, akiyavaa mwenyewe na kupigwa picha. Wala hakuficha kwamba alipenda wanaume wenzake. Mapema Januari 2023, umri wake miaka 25, maiti yake iliokotwa kando ya njia huko Kapseret, imetiwa ndani ya sanduku la chuma. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilimhukumu muuaji, rafiki aliyekaa naye, kifungo cha miaka 50.

Wapo walionyamaza kwa sababu ya mwenendo wake. Mimi chuoni nilifunzwa kuwa hesabu ya mja iko kwa Mola, na damu ya mtu ni haramu kuimwaga. Nguo zake zimebaki pichani, nazo zinapendeza.