Newton: Mwana wa mkulima aliyefumbua siri ya nguvu na mwendo

LORI lililosheheni magunia ya mahindi likiteremka kutoka Kitale kuelekea Webuye halisimami kwa urahisi, na madereva wanaopitia Kiminini na Kamukuywa wanalijua hilo. Aliyeliwekea jambo hilo kanuni ni Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza ambaye nusura maisha yake yaishie malishoni.

Newton alizaliwa Desemba 25, 1642, kwa kalenda iliyotumika Uingereza enzi hizo, katika kijiji cha Woolsthorpe. Babake, aliyekuwa mkulima, alikuwa ameaga dunia miezi mitatu awali. Mtoto alipotimu miaka mitatu, mamake, Hannah, aliolewa tena na kumwacha mikononi mwa nyanyake.

Alisomea shule ya mjini Grantham, lakini alipokaribia umri wa miaka 17 mamake, ambaye sasa alikuwa mjane kwa mara ya pili, alimrudisha nyumbani asimamie shamba. Kisa hicho si kigeni kwa wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma.

Newton hakulifaa shamba hata kidogo. Alizama vitabuni huku kondoo wakiingia mashamba ya watu, hata akatozwa faini mnamo 1659.

Waliomwokoa ni mjomba wake, kasisi William Ayscough, na mwalimu mkuu Henry Stokes. Inasimuliwa kwamba Stokes alijitolea kusamehe karo ya shilingi 40 ili kijana arejee darasani. Ni vigumu kutaja shilingi 40 nyingine zilizozaa faida kubwa kuliko hizo.

Mnamo 1661 alijiunga na chuo cha Trinity, Cambridge, ambako mwanzoni aliwatumikia wenzake matajiri ili kupunguza gharama za masomo. Tauni ilipofunga chuo mwaka 1665, alirudi kijijini akatafakari kuhusu mwanga, mwendo na mvutano wa dunia. Kufikia 1669 alikuwa profesa wa hisabati.

Mwaka 1684 mwanafalaki Edmond Halley alimzuru kumuuliza kuhusu njia za sayari angani. Ziara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu cha Principia, kilichoandikwa kwa Kilatini na kuchapishwa 1687. Shirika la Royal Society lilikuwa limemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha samaki, kwa hivyo Halley akagharamia kazi hiyo kutoka mfukoni mwake.

Humo ndimo mlimo kanuni tatu za mwendo. Wanafunzi wengi huikariri ya pili kama nguvu sawa na tungamo mara mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi. Umbo hilo lilienezwa na wanahisabati wa karne ya 18, akiwemo Leonhard Euler.

Newton mwenyewe alizungumzia badiliko la kiasi cha mwendo, ambacho leo huitwa momenta: tungamo mara kasi. Tofauti hiyo ina uzito mtihanini. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu magari yaliyogongana huhangaika kutafuta mchapuko ambao hakupewa, ilhali angepata momenta ya kabla na ya baada, kisha agawanye badiliko kwa muda, jibu lingejitokeza.

Tulichukue lori letu. Likiwa na kilo 10,000 na kasi ya mita 20 kwa sekunde, momenta yake ni 200,000. Dereva akifunga breki na kusimama baada ya sekunde 10, nguvu ya wastani ni nyutoni 20,000. Likigonga ukuta na kusimama kwa sehemu moja ya tano ya sekunde, nguvu hiyo hufika nyutoni milioni moja.

Badiliko la momenta ni lile lile. Kilichopungua ni muda. Mkanda wa usalama humwongezea abiria muda huo, japo kidogo, na hivyo kumwokoa.

Newton hakuoa. Alikuwa mtu mgumu, na ugomvi wake na Robert Hooke na Gottfried Leibniz haukumletea sifa. Mnamo 1696 alihamia London kusimamia utengenezaji wa sarafu, akawa rais wa Royal Society 1703, na miaka miwili baadaye Malkia Anne akamtunuku cheo cha Sir.

Aliaga dunia Machi 1727 na kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1948 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliidhinisha kipimo cha nguvu kiitwe kwa jina lake.