Gandhiji na Vita vya Moyoni

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Utotoni aliogopa mizimu, na mtumishi wa nyumbani kwao, Rambha, akamfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu ilipomjia. Hata hivyo, Bhagavad Gita aliisoma kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi London, tena kwa Kiingereza, baada ya kuombwa na ndugu wawili wasome pamoja. Alitahayari kwamba hakuwahi kuisoma kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati.

Mwaka 1893 alipitia Lamu, Mombasa na Unguja akielekea Afrika Kusini. Huko alibandika beti za Gita ukutani na kuzihifadhi asubuhi akipiga mswaki, hata akahifadhi sura 13. Neno moja lilimsumbua: aparigraha, yaani kutomiliki kitu. Mtu mwenye mke na watoto ataliwezaje? Jibu alilipata katika vitabu vyake vya sheria. Mdhamini hushika mali nyingi, na hata senti moja si yake. Basi akaandika barua Bombay kwamba bima yake ya maisha ya rupia 10,000 iachwe ikome. Mimi mfanyabiashara, niliyelipa bima miaka mingi, nikifika hapo husita.

Lakini fumbo kubwa lilibaki. Gita huanza katikati ya majeshi mawili, na Krishna humhimiza Arjuna apigane. Mtu aliyekataa kumwaga damu aliisomaje kila siku? Gandhiji aliisoma kwa jicho la ndani. Kurukshetra aliiona kifuani mwa binadamu, na Pandava na Kaurava wakawa mema na maovu yanayoshindana humo bila kupumzika. Wako wanazuoni waliompinga, wala hoja zao si nyepesi. Yeye, kila mashaka yalipomzingira na njia zote kuonekana zimefungwa, aliirudia Gita mpaka apate ubeti wa kumshika mkono, na uso wake ukakunjuka.

Tafsiri yake ya Kigujarati, Anasaktiyoga, ilitoka tarehe 12 Machi 1930, siku ileile alipoondoka Sabarmati kwa miguu na wenzake 78 kwenda Dandi kuivunja sheria ya chumvi. Mwezi Mei alikamatwa. Kutoka gereza la Yeravda aliwaandikia wakazi wa ashramu yake barua za kuwaeleza Gita, sura baada ya sura.