Carrier: Mwasisi wa kiyoyozi aliyeyaacha maji ya chumvi

MWAKA 1902, kampuni ya uchapishaji ya Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York, ilikuwa taabani. Hewa ilipojaa unyevu, karatasi zilitanuka, ilipokauka, zikanywea. Kwa kuwa picha za rangi zilichapishwa rangi moja baada ya nyingine juu ya karatasi ileile, rangi hazikukaa mahali pake na kazi ikaharibika.

Aliyetwikwa mzigo huo ni Willis Haviland Carrier, kijana wa miaka 25 aliyehitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka mmoja tu kabla, na ambaye kampuni ya Buffalo Forge ilimwajiri kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki.

Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876, karibu na mji mdogo wa Angola katika jimbo la New York, mwana wa mkulima. Hesabu za sehemu zilipomshinda utotoni, mamake aliyakata matufaha nusu, robo na thumni hadi akaelewa. Mama huyo alifariki mwanawe akiwa na umri wa miaka 11.

Jaribio lake la kwanza halitajwi sana, ingawa ndilo lenye mvuto zaidi. Alichukua kitambaa cha gunia, akakilowesha kwa maji yaliyokolea chumvi ya kloridi ya kalsiamu, kisha akapitisha hewa juu yake. Chumvi hiyo ina uchu wa maji, hivyo hewa ilitoka kavu. Lakini ilibeba chumvi, ambayo ingeshambulia mitambo ya chuma kwa kutu. Akaiacha njia hiyo na kutumia mabomba yenye maji baridi, ambayo yaliugeuza unyevu kuwa matone.

Baadaye mwaka huo, akisubiri garimoshi mjini Pittsburgh usiku wa ukungu, aling'amua jambo ambalo hata leo linaonekana kama kichekesho: hewa inaweza kukaushwa kwa kunyunyiziwa maji, mradi maji yawe baridi ya kutosha. Alipewa hataza ya mtambo huo mwaka 1906.

Buffalo Forge ilipoifunga idara yake baada ya vita kuzuka Ulaya, yeye na wahandisi wenzake sita walianzisha kampuni yao mwaka 1915. Mnamo 1925 walitia mtambo katika ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York. Watazamaji waliokuja na vipepeo mkononi waliviweka kando kimoja kimoja.

Carrier alifariki Oktoba 7, 1950. Mwaka 1955, mhandisi Mmarekani George Löf alipendekeza hewa ikaushwe kwa kimiminika kinachofyonza unyevu, aina ya glaikoli, kisha joto la jua likitoe maji kimiminika hicho ili kitumike tena. Kwa majengo makubwa ya biashara katika maeneo yenye jasho kama Mombasa, faida yake ni dhahiri: umeme unahitajika kwa pampu na feni, huku kazi nzito ya kuondoa unyevu ikifanywa na jua, ambalo huwaka zaidi saa zilezile ofisi na maduka yanapohitaji ubaridi.

Mitambo mingine ya namna hiyo hutumia chumvi ya kloridi ya lithiamu. Mabamba yake hutengenezwa kwa plastiki, na kimiminika hutiririshwa polepole juu yake ili hewa isibebe matone, kero ileile iliyomfanya Carrier alitupe gunia lake.