Daktari wa Viti vya Magurudumu

Mji wa Eldoret una sifa ya miguu. Wakimbiaji wa nyanda hizi wameutia jina duniani, na mgeni kutoka pwani kama mimi hakosi kuwaona alfajiri wakipita. Lakini leo nataka kusimulia habari za magurudumu, na za bwana mmoja aliyeyapa heshima: Daktari Ludwig Guttmann.

Alizaliwa mwaka 1899 huko Tost, mji uliokuwa wa Ujerumani na leo ni wa Poland. Mwaka 1917, akihudumu kwa hiari katika hospitali ya wachimba makaa, alimwona mchimbaji wa miraba minne aliyevunjika uti wa mgongo. Walimfunga plasta, wakamweka nyuma ya pazia. Katika wiki tano hivi alikuwa maiti. (Mwaka huo huo ndipo ilipoanza, na vitanda 60, hospitali ambayo leo ni ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret.)

Guttmann akawa bingwa wa maradhi ya neva mjini Breslau. Alikuwa Myahudi, na Hitler alipotawala alifukuzwa kazini, akaingia hospitali ya Wayahudi, akaja kuiongoza. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 aliamuru kila ajaye apokewe, mgonjwa na asiye mgonjwa. Askari walipokuja kukagua, alimtungia kila mtu maradhi yake. Waliolazwa walikuwa 64. 60 waliokoka wasikamatwe. Mwaka 1939 akahamia Uingereza.

Tarehe 1 Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya Stoke Mandeville. Askari waliovunjika uti walikuwa wakisubiri kufa tu. Yeye aliagiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, wasipate vidonda vya kulalia. Alikuwa mkali, naye mwenyewe huja usiku kuhakikisha. Kisha akawatoa vitandani: wakacheza polo kwa viti, wakatunga shabaha kwa upinde, wakafunzwa kazi.

Hapo ndipo ninapomwona mkubwa kuliko madaktari wenzake. Aliuliza mgonjwa anaweza kufanya nini. Baada ya kufa kwake, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walitunga mtihani wa swali hilo: mwenye kiti hutazamwa akienda mbele na nyuma, akipanda mwinuko, akisimamia magurudumu makubwa huku madogo yakiwa hewani, akipanda ukingo wa sentimita 15, akijipandisha kitini kutoka chini.

Kwenye Barabara ya Uganda nimemwona mtu akiinua magurudumu ya mbele na kuruka ukingo, bodaboda zikimpigia honi. Hatua chache nyuma yake mwingine, mwenye mikono imara vilevile, alikuwa akingoja wapita njia wamnyanyue. Kupewa kiti ni jambo moja, kufunzwa kiti ni jingine. Nami ningetaka kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani apimwe hivyo kwanza.

Julai 29, 1948, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann alishindanisha wagonjwa 16 kulenga shabaha, wawili wao wanawake. Mwaka 1960 huko Roma walikuwa 400 kutoka nchi 23. Mwaka 1972 huko Heidelberg Kenya nayo ilikuwamo, na mzee bado alikuwa hai kuyaona. Alifariki tarehe 18 Machi 1980.